Jumamosi Yao, Jumapili Yetu

Ninyi vijana mliobaki kwenye ghala la Bondeni mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa hapo mwanzo. Nadhani mlitaka maneno ya kuwatia moyo. Poleni. Nina miaka arobaini na minane, mgongo wangu umestaafu kabla yangu, na tangu niwakabidhi funguo mwezi uliopita sijalala mahali pamoja zaidi ya wiki. Nimekuwa Molo, nimekuwa Gilgil, sasa nimerudi Nakuru na huenda keshokutwa nikaondoka tena. Ninapozunguka mahali tulipofanya kazi mambo hunirudia, na mengi yakirudi hunikasirisha upya. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini mtazipata kwa wengine. Mimi nitaandika yale ambayo bado yananikera.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka Bungoma na elimu yangu ya sekondari, ambayo siku hizo ilitosha kumfanya mtu aone aibu kushika jembe lakini haikutosha kumpa kiti. Nilikuwa nimehesabu magunia kwenye reli hapa Nakuru, nikakausha maua ya pareto kwenye shamba la setla wa kizungu huko Molo, nikauza sabuni Njoro. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua majina ya mbwa, kisha nikaondoka. Jumapili moja mchungaji alitangaza kwamba kanisa linatafuta watu wa kujitolea kuwasaidia waliopatwa na mafuriko, kwa wiki mbili tu. Niliinua mkono kwa sababu mikono mingine yote ilikuwa chini na kimya kilikuwa kimenichosha. Wiki mbili hizo zilikwisha mwezi uliopita.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mama Rahabu. Alikuwa mkunga kutoka Machakos, mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, asiyecheka kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimevaa tai. Aliitazama ile tai, akanipa beseni lenye bandeji zilizotumika na kipande cha sabuni ya mche. Nilifua, nikachemsha, nikaanika kwenye seng'enge nyuma ya ghala, nikakunja. Alizichukua nilizokunja, akazifungua zote.

"Hizi ukimfunga mtu hapa, akifika stesheni zimeingia kwenye kiatu," alisema. "Kunja tena."

Nilikunja bandeji siku tatu. Siku ya nne aliniruhusu kubeba sufuria ya sindano. Tulikuwa na sindano chache za kioo, na ncha zake tulizinoa kwenye jiwe kama watu wanoavyo visu, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Zilichemshwa juu ya stovu ya mafuta ya taa. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kabla sijafika, kwa hiyo Mama Rahabu alipima muda kwa wimbo wa kanisa wenye beti sita. Aliuimba wote mara nne, polepole, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha kabla ya ubeti wa mwisho. Mtu akimkatiza alianza upya. Nimewahi kumwona mzungu wa wilaya akisimama mlangoni na kofia mkononi akingoja ubeti wa sita. Nimefanya kazi na madaktari baadaye, na sijaona sindano zilizochemka vizuri kuliko zile.

Hayo yalikuwa mazuri. Kilichonishinda tangu mwanzo ni namna sisi watu wa kanisa tunavyoweza kuugeuza wema ukawa kikwazo. Tulikuwa na mwinjilisti mmoja aliyesisitiza kuomba kabla ya dawa kutolewa. Sikatai maombi. Lakini huyu aliwahi kuomba mbele ya foleni ya watu wenye malaria, juani, huko Bahati, mpaka mtu wa nne kwenye foleni akaanguka. Mwinjilisti alifumbua jicho moja, akamwona, akaongeza ombi maalumu kwa ajili yake.

Sasa niwaeleze habari ya lori, kwa maana bila lori hamtaelewa yaliyofuata. Sisi tunaosali Jumapili tulikuwa na ghala, dawa, Mama Rahabu na mimi. Hatukuwa na gari. Wenzetu wa kanisa la pili, wanaoshika Jumamosi, walikuwa na lori la kijani na dereva wake, Mzee Nahashoni. Huyu alikuwa mzee wa kanisa kutoka Kisii, mrefu, mpole, mtu wa heshima mpaka inachosha. Siku za kawaida alibeba makaa na kabichi. Penye shida alitubeba sisi, na hakuomba hata ndizi.

Ugomvi ulianza kwa sababu ya siku. Mwinjilisti wetu, yuleyule, alimwambia Nahashoni kwamba lori halijabatizwa, kwa hiyo linaweza kutembea Jumamosi.

"Amri inasema hata mnyama apumzike," Nahashoni alijibu.

"Lori si mnyama, mzee."

"Linabeba mzigo, linakunywa maji, na likizeeka linakataa mlima. Wewe unaliitaje?"

Watu wa pande zote mbili walikasirika. Wao walisema tunaidharau Sabato yao, sisi tukasema wanatuletea makaa na kelele uani kwetu Jumapili tukiwa kwenye ibada. Karibu kila mtu achukue chake, wao lori, sisi dawa. Ikaitwa kamati. Baada ya chai na mandazi ya kutosha ilionekana afadhali yaandikwe makubaliano, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko, niliambiwa niandike. Niliandika hivi: "Upande wowote usiuombe upande mwingine kazi yoyote katika siku yake ya ibada." Watu wote walisema amina. Nahashoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliibandika karatasi kwenye mlango wa ghala kwa uji wa unga wa ngano, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipita hapo naisoma kwa furaha, kama mtu anayepita nyumba aliyoijenga.

Makubaliano yalifanya kazi vizuri sana. Watu waliumia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Kisha ikaja mvua ile. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa, kulikuwa na kafyu mjini na vizuizi kwenye barabara za msituni. Ilinyesha siku nyingi mfululizo. Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, aliingia ghalani mwanamume wa miaka thelathini hivi, matope mpaka mapajani. Jina lake lilikuwa Kipkoskei. Alikuwa ametoka Olenguruone alfajiri, juu ya lori la mbao.

"Nani mkubwa hapa?" aliuliza.

"Keti kwanza, kijana," Mama Rahabu alisema.

"Nikiketi nitalala, mama. Mlima imeshuka."

Alieleza akiwa amesimama. Ijumaa alasiri udongo wa mteremko mmoja juu ya Olenguruone uliporomoka juu ya nyumba. Mzee mmoja alikuwa amekufa. Wengine walikuwa wamechubuka na kuvunjika mikono, na hao wangengoja. Asiyeweza kungoja alikuwa mke wa kaka yake, Chepkirui. Boriti ya paa ilikuwa imemwangukia mguuni, na watu walihangaika kuiondoa kwa muda mrefu.

"Mguu iko namna gani?" Mama Rahabu aliuliza. Alipokuwa na wasiwasi Kiswahili chake kilivunjika pia.

"Kama muwa imetafunwa."

"Vidole anavisikia?"

"Jana jioni alisikia yote. Leo nikitoka, anasema viwili hasikii."

Mama Rahabu alinivuta kando. Aliniambia jambo ambalo ninyi mnalijua lakini mimi wakati ule sikulijua: nyama isiyofikiwa na damu hufa, na kifo chake hupanda kutoka vidoleni. Akifika hospitali leo, watautengeneza mguu. Kesho, labda. Jumatatu, wataukata. Na mwanamke wa Olenguruone asiye na mguu atachuma pareto vipi kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa mashaka, atateka maji vipi bondeni?

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande wa Subukia na hakuna aliyejua litarudi lini. Lori la mbao lililomleta Kipkoskei lilikuwa halirudi mpaka Jumatatu.

"Kwani hapa hakuna lori?" Kipkoskei aliuliza. "Watu wanasema kanisa iko na lori."

"Liko," nilisema. "Lakini leo ni siku yao."

"Siku ya nani?"

Nilimwonyesha karatasi mlangoni. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Na mkienda kumwuliza huyo mzee, atakataa?"

Nilimtazama Mama Rahabu. "Sijui," alisema. "Hapo ndipo penye taabu. Akikataa, nitamtazama vipi Jumatatu? Na akikubali kwa kuona haya, nitakuwa nimemvunjia siku yake kwa nguvu. Sisi tulisema amina."

Kanisa lao lilikuwa mtaa wa pili kutoka ghalani. Niwaambie ukweli wote: tulisikia nyimbo zao tukiwa tumesimama pale. Mtu angeweza kutoka, akapita kinyozi na duka la mafuta ya taa, akaingia, akamgusa Nahashoni begani, akarudi kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa na miguu miwili mizima. Badala yake nilifungasha masanduku. Nilifungasha bandeji, ayodini, spiriti, sindano, blanketi. Kisha nikayafungua yote nikafungasha tena kwa mpangilio bora. Mama Rahabu alichemsha sindano kwa kuimba, na sauti yake na sauti zao zikagongana hewani, nyimbo mbili tofauti. Kipkoskei alikaa juu ya gunia la unga akatutazama kama mtu anayetazama watani wa kabila asilolijua.

Mpango wetu ulikuwa kwamba Sabato yao itakapokwisha, tutamwomba. Sabato yao iliisha jua likizama. Kafyu nayo ilianza jua likizama. Serikali na Musa walikuwa wamekubaliana saa. Baada ya hapo ukikutwa barabarani unalala kituoni, na maelezo utayatoa kesho kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya giza nilikwenda nyumbani kwa Nahashoni, ambako walikuwa hawajarudi kutoka kanisani, nikasukuma barua chini ya mlango. Ilisema: "Mzee wetu mpendwa Nahashoni. Kuna watu wameumia Olenguruone. Tungeomba lori, wakati utakaokufaa, bila kuvuruga ibada ya yeyote."

Wakati utakaokufaa. Vijana, mtu akiwa anapoteza mguu usiandike namna hiyo. Andika: njoo.

Jumapili alfajiri, kafyu ilipoisha tu, nilikimbia kwa Nahashoni. Lori halikuwapo. Mkewe alikuwa akipuliza moto.

"Ametoka," alisema. "Amejaza mafuta, amechukua blanketi, amekwenda."

"Wapi?"

"Nilidhani kwenu."

"Natoka ghalani sasa hivi, mama. Hayupo."

Jumapili ilikuwa siku ya kazi kwa Nahashoni, na mara nyingi siku hiyo alibeba makaa ya watu mpaka Gilgil. Nikajiambia hakuiona barua. Nikarudi ghalani na miguu mizito. Mama Rahabu aliamua twende kanisani, kwa maana kuna muumini mmoja mwenye duka na gari dogo la mizigo, na pengine atakuja ibadani. Tuliingia kwa lango la juu, la upande wa Bondeni. Kipkoskei aliketi kati yetu.

Mwenye duka hakuja. Alikuja mhubiri mgeni kutoka Nairobi, pamoja na kwaya tatu, na ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Mhubiri alianza na uumbaji. Ilipofika saa tano alikuwa bado hajamtoa Adamu bustanini.

"Hii inaisha saa ngapi?" Kipkoskei alininong'oneza.

"Karibu."

"Ulisema karibu wakati ya sadaka."

Baada ya muda alinisogelea tena, akaniita dresa, kama waitwavyo wafunga vidonda. "Dresa, Mungu yenu anapumzika siku ngapi?"

"Moja."

"Mimi nimehesabu mbili."

Kwaya ya tatu iliposimama, aliinuka akatoka. Nilidhani amechoka nasi na anarudi kwao kwa miguu, na sikumlaumu. Muda mfupi baadaye alirudi, lakini hakuingia. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"Dresa. Kuna mzee huku chini anakaa ndani ya lori ya kijani. Anasema anangoja nyinyi."

Mama Rahabu, ambaye sijawahi kumwona hata akikohoa kanisani, alisimama, akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka. Nilimfuata.

Lori lilikuwa kwenye lango la chini, chini ya mikalitusi, limeegeshwa mbali kidogo ili lisizibe njia. Nahashoni alikuwa ameketi wima, mikono juu ya usukani, amevaa koti la ibada. Nyuma kulikuwa na godoro, blanketi, minyororo ya kufunga magurudumu, na sufuria ya chakula alichopika mkewe.

"Uko hapa tangu saa ngapi, mzee?" nilimwuliza.

"Saa moja asubuhi."

"Saa moja? Kwa nini hukupiga honi?"

"Mlikuwa mnaimba," alisema. "Kisha mkawa mnaomba. Ni siku yenu, nilijua mtakuja hapa kanisani. Nikaona nisiwaombe kazi, niwe tu karibu, mkimaliza mnikute."

Nilishika mlango wa lori kwa sababu mikono yangu ilitaka kushika kitu. Mama Rahabu ndiye aliyeuliza, akimwita mzee kwa jina la mwanawe.

"Baba Ombati, jana ningekuja kukuita kanisani, ungetoka?"

"Jana?" Alitugeukia. "Barua haikusema jana. Mgonjwa mlijua lini?"

"Jana saa tatu asubuhi."

Alivua kofia akaiweka juu ya magoti. "Mama," alisema, "ningetoka katikati ya mahubiri. Mchungaji mwenyewe angesukuma lori."

"Na lile lori linalopumzika kama mnyama?" nilimwuliza, na najua sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Linapumzika kubeba makaa, mwanangu. Nani amesema linapumzika watu?"

Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza. Nilikuwa nimeandika sentensi nzuri ya kuwazuia watu wawili wema wasiulizane swali, na wote wawili walikuwa wameitii. Mama Rahabu alianza kuomba msamaha. Nahashoni akaanza naye kuomba msamaha. Kipkoskei aliruka nyuma ya lori akapiga bodi kwa kiganja mara mbili, kama wafanyavyo watu wa mbao wakitaka dereva aondoke, na kwa kweli hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza la akili kufanywa na mtu yeyote tangu Jumamosi.

Tulipitia ghalani kuchukua masanduku, tukaondoka. Hadi Molo barabara ilikuwa ya kuvumilika. Baada ya Molo tulifunga minyororo, na mara mbili tukakata mianzi tukaitandika chini ya magurudumu. Nahashoni aliendesha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kupanda gari naye, bila kusema neno. Kipkoskei ndiye alisema. Alimweleza njia nzima Chepkirui ni mtu wa namna gani: anachuma pareto haraka kuliko wanaume, anawadhihaki wakwe, amemfukuza chui zizini na mwiko. Nadhani alifanya hivyo makusudi, ili mwendo uongezeke.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Alikuwa amelazwa juu ya ngozi kwenye nyumba ya jirani, nywele fupi, macho makali. Alipomwona shemeji yake alisema jambo kwa lugha yao, na wanawake waliomzunguka wakacheka.

"Anasema alidhani nimeoa huko Nakuru," Kipkoskei alitwambia.

Mama Rahabu alifunua nguo. Harufu ilitufikia kabla ya macho. Weusi ulikuwa umefika kwenye kifundo. Alimchoma sindano, akaosha, akafunga, akatengeneza gango la mianzi la kuushika mguu. Alipotoka nje alisimama akiutazama ukuta wa udongo mpaka nikamwita. Wale waliovunjika mikono niliwafunga mimi.

Tuliondoka mara moja, lakini kwenye kizuizi cha msitu askari walikataa kutupitisha kwa kuwa giza lilikuwa limeingia. Tuliwaonyesha mguu. Askari mmoja alitapika, lakini amri ni amri, nao pia walikuwa na karatasi yao. Tulifunguliwa asubuhi. Jumatatu saa tatu tukawa hospitali. Daktari aliufungua mguu akauliza uliumia lini, nikamwambia. Akauliza kama hapakuwa na gari. Nikamwambia lilikuwapo. Alisema Jumamosi angetoa vidole viwili. Alasiri hiyo aliukata chini ya goti.

Kamati iliitwa tena. Nahashoni alisimama akaomba radhi kwa kutopiga honi. Mama Rahabu alisimama akaomba radhi kwa kutouliza. Nahashoni alisema kosa ni lake zaidi. Mama Rahabu alikataa katakata. Waliheshimiana kwa nusu saa, watu wakifuta macho, na katika nusu saa hiyo sikusikia jina la Chepkirui hata mara moja. Nilipendekeza sentensi yangu ifutwe. Mjumbe mmoja alisema isifutwe, iongezwe tu maneno "isipokuwa kwa dharura." Mwingine akauliza nani atakuwa na mamlaka ya kuamua kwamba jambo ni dharura. Ikaonekana inafaa kuunda kamati ndogo.

Nilitoka wakiwa bado wanachagua mwenyekiti wa kamati ndogo. Nilikwenda ghalani nikachukua kisu cha kukatia plasta, nikaikwangua ile karatasi mlangoni. Gundi ya unga wa ngano ni kitu kigumu, ilinichukua muda, na rangi ya mlango ilitoka nayo. Ndiyo ile alama mnayoiona hapo mpaka leo na mmekuwa mkiniuliza kama kulikuwa na moto. Kamati ndogo ilikutana mara tatu kujadili sentensi ambayo haikuwapo tena. Tangu siku hiyo nilipohitaji lori nilikwenda kwa Nahashoni siku yoyote, nikamgusa bega, na hakuna siku aliyokataa. Mara moja alikuwa mimbarani.

Chepkirui alikaa wodini karibu miezi miwili. Mama Rahabu alinituma kila Ijumaa nimsaidie muuguzi kubadilisha bandeji, na nadhani ilikuwa adhabu, ingawa hakuiita hivyo. Chepkirui alijua Kiswahili vizuri, cha kambi za pareto. Wiki za kwanza aliniuliza mambo madogo: bei ya sukari, kama mvua imekoma, kama ninaye mke na ikiwa sinaye ni nini kasoro yangu. Kisha Ijumaa moja nilipokuwa nafungua bandeji, alisema:

"Kipkoskei ananiambia lori ilikuwa Nakuru tangu Jumamosi."

"Ndiyo."

"Ilikuwa imeharibika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayekufungulia mlango upite. Lakini nilikuwa nimeushika mguu wake mkononi, na ulikuwa umeishia pale ulipoishia. Nilimweleza yote. Nilimweleza habari za Jumamosi yao na Jumapili yetu, ugomvi, kamati, sentensi, barua chini ya mlango, mzee aliyekaa langoni tangu asubuhi kwa sababu tulikuwa tunaimba. Mama mmoja wa kitanda cha pili aliacha kufuma ili asikie vizuri.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaheshimiana," Chepkirui alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ile ya kwanza ilikuwa siku yao."

"Ndiyo."

"Na ya pili siku yenu."

"Ndiyo."

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Sasa yangu ilikuwa gani?"

Nilikuwa nimekwisha kuzungusha bandeji na pini ilikuwa bado mkononi mwangu. Alinyoosha mkono akaichukua ile pini, akajifunga mwenyewe.